Nyuma ya Mwenye Ulezi

Baba hakuwahi kuniambia kwamba mkate wangu ni mbaya. Angesema hivyo ningepata pa kuanzia, tungegombana kidogo, na ugomvi nauweza. Badala yake alikuwa anamega kipande, anakitafuna muda mrefu kwa adabu, anasema, "Ahsante mama, nimeshiba," kisha anasukuma sahani na kugeukia dirishani. Kutoka sebuleni kwangu Kiseke, hapa Mwanza, ziwa huonekana kipande tu, kati ya paa la jirani na mawe mawili makubwa yaliyopandana, na baba alikuwa anakitazama kipande hicho mpaka chai yake inapoa.

Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake mzazi. Mama yangu mimi, mke wake, tulimzika Nansio, kisiwani kwetu, mwaka jana. Baada ya msiba ndugu walirudi makwao, kila mmoja na kazi zake, na nilipovuka tena kwenda kumwona baba nilimkuta anaishi kwa chai na ndizi mbivu. Suruali yake ilikuwa imekusanyika kiunoni, na mkanda ameutoboa matundu mapya kwa msumari. Sikumwuliza anataka nini. Nilifunga nguo zake kwenye begi, nikafunga mlango wa nyumba, nikampandisha meli ya Mwanza. Watu waliotuona bandarini walidhani nimemkamata.

Kliniki walimpima kila kitu. Daktari aliniita pembeni, akaniambia sukari ya mzee imeanza kupanda, aache mkate mweupe, maandazi na soda, ila kinachomtisha yeye zaidi ni uzito. "Tafuta kitu anachokipenda, ale," aliniambia. "Akiendelea kupungua namna hii hatutakuwa na mtu wa kumpa dawa." Nilikuwa ndiyo kwanza nimemzika mmoja, sikuwa tayari kwa mwingine.

Na anachokipenda nilikuwa nakijua. Nansio nzima ilikuwa inakijua.

Mama alikuwa mtu wa Kagera, wa migombani, na mtu wa huko ukimpa ndizi amekula. Mkate alijifunza usichanani katika jiko la masista wa misheni, alikokuwa anasaidia kupika kabla hajaolewa. Masista wale walikuwa wanakula mkate wa ngano isiyokobolewa, mzito, wa rangi ya udongo. Mama alipoolewa na kijana wa Kikerewe, mwalimu wa hesabu, akaja kisiwani, hakukubali kuuacha. Majirani waliuita mkate wa dona, kwa kuwa unga wa mahindi yasiyokobolewa huitwa dona, na wao hawakuona tofauti. Mwanzoni walikuwa wanamcheka kwamba mke wa mwalimu anashindwa kununua unga mweupe. Baadaye walikuwa wanatuma watoto Jumamosi jioni kuja kutusalimia, watoto ambao siku nyingine hawatusalimii.

Jumamosi nyumba yetu ilikuwa na utaratibu wake. Ngano ilikuwa inatoka soko kuu la Mwanza, baba huinunua anapovuka kwa shughuli za shule na kuirudisha kwa meli. Sisi watoto tulikuwa tunaimwaga kwenye ungo na kuchagua mawe, tukiwa tumekaa upande wa nyumba wenye kivuli, na mama anapita nyuma yetu kukagua. Akiona jiwe moja tunaanza upya. Unga ukisharudi kutoka kusagwa alikuwa anaukanda kwa mikono yote miwili mpaka meza inalia, akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili, kwa sababu kwaya alikuwa anaimba sauti ya pili na hakuwahi kujifunza ya kwanza. Donge analifunika kwa kitambaa chenye maji, na ole wako ukifunua. Kuna siku wingu la vijidudu vya ziwani lilikuja kama moshi, likaingia mpaka kabatini, na mama akalala kifudifudi juu ya ile beseni ya unga kuilinda, huku anatufokea tufunge madirisha.

Oveni hatukuwa nayo. Alikuwa anaweka mchanga kwenye sufuria kubwa, anaubandika jikoni upate moto, ndani yake anaketisha sufuria ndogo yenye donge. Chini ya donge anatandika jani la mgomba alilolipitisha kwenye moto likalegea, maana mtu wa Kagera hawezi kupika kitu bila kukilaza kwenye jani la mgomba. Juu anafunika kwa bati na kulijaza makaa. Harufu ikianza kutoka tulikuwa tunaacha mchezo wenyewe, bila kuitwa.

Kazi moja tu mama hakuwa anaifanya, kwenda mashineni. Vumbi la unga lilikuwa linambana kifua, akikaa pale muda mfupi anarudi anakohoa mpaka kesho yake. Sisi tuliwahi kutumwa, tukaangusha ndoo njiani. Kwa hiyo akawa anakwenda baba. Siku zile mwanaume kwenda kusaga, tena mwalimu, kilikuwa kichekesho cha kisiwa. Alikuwa anafunga ndoo kwenye baiskeli, anavaa kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, na mama anamfuata hadi mlangoni kumpa maagizo yale yale ya kila Jumamosi. "Mwambie asafishe mashine kwanza. Sitaki unga wangu uchanganywe na wa watu."

"Nimesikia," anajibu baba, tayari ameshapanda baiskeli.

Mkate wa mama ulikuwa na utamu wa mbali, si wa sukari, na ndani una vidoa vidogo vyekunduvyekundu. Wageni walikuwa wanauliza ni nini. "Hizo ndizo pumba zenyewe," mama anawaambia. "Ndiyo afya yenyewe hiyo." Padri akija nyumbani anakula, masista wa kisiwani wanapelekewa. Watu waliokuja kujifunza kwake alikuwa anawaonyesha kila hatua bila kuficha, wanakwenda kwao wanaoka, wanarudi kusema haukutoka kama wake. Mama anasema, kwa unyenyekevu ambao haukumdanganya mtu, "Labda ni mkono tu." Jina likamkaa, mkono wa mama.

Na mezani kulikuwa na sheria. Anayekata mkate ni baba. Kichwa cha mkate, ile ncha ya kwanza yenye ganda gumu pande zote, alikuwa anakikata na kukiweka kwenye sahani ya mama kabla mtu mwingine hajapata chochote. Tulikuwa tunakililia. Baba anasema, "Hiki ni cha aliyekanda," na habari inaishia hapo. Mama alikuwa anakila taratibu, macho ameyafumba nusu, na katika utoto wangu wote sikuwahi kuonja hata chembe yake.

Ndiyo mkate niliotaka kuurudisha, ili baba ale.

Nilianza kisomi. Nilinunua unga wa atta, ule wa ngano isiyokobolewa, duka kubwa la mjini Nyamagana, karibu na ofisi ninakofanyia kazi, nikanunua hamira ya pakiti, nikawasha oveni. Ulitoka mkate wa kupigwa picha. Niliupiga kweli, nikawatumia ndugu zangu kwenye kundi letu la simu, wakaweka mioyo. Niliukata vipande jikoni, nikaupanga kwenye sahani na kumwekea baba.

"Ahsante mama, nimeshiba."

Nikasema tatizo ni unga wa dukani. Nikaenda soko kuu kutafuta ngano yenyewe, nikaichagua mawe kwenye ungo nikiwa nimekaa sakafuni na sketi ya ofisini, nikaipeleka mashineni hapa Kiseke. Mimi kifua changu ni kizima, nilisimama pale pale nikamsimamia mwenye mashine aisafishe, afungue na ule mfuko wa kitambaa unaopokea unga, aukung'ute mpaka nitosheke. Nikaoka. Baba akatafuna kwa adabu. Nikasema basi ni oveni. Nikatafuta mchanga na mkaa, nikaomba jani la mgomba kwa jirani, nikapuliza moto uani mpaka kope zikawa nyeupe kwa majivu, na mume wangu akaniuliza kama umeme tunaolipia ni wa kupigia pasi tu. Yeye ndiye aliyefaidi. Mikate yote iliyokataliwa aliila yeye, na mpaka sasa hajafungua kinywa kulalamika, ila mashati yake yamebana.

Siku moja nilimuuliza baba wazi. "Kimepungua nini?"

"Mkate ni mzuri, mama," alisema. "Ni mimi tu." Halafu, akiwa bado anatazama dirishani, "Nadhani nikirudi nyumbani nitakula."

"Nani atakupikia?"

"Nitakula tu."

Nilimkasirikia. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Nilikuwa najua kwamba akirudi katika nyumba ile peke yake hatakula, atakaa kwenye kiti chake na chai yake, na siku moja jirani atanipigia simu. Nilimkasirikia na mama pia, Mungu anisamehe, kwa kuondoka na mkono wake. Mtu unaweza kurithi kanga, sufuria, hata sauti ya pili ya kwaya. Mkono amezikwa nao.

Mkate uliobadilisha mambo nilikuwa hata sijapanga kuuoka. Ngano ilikuwa imebaki kidogo, na Jumamosi moja asubuhi nikaona nikaimalizie kwa kusaga, na kwa kuwa daktari alisema mzee atembezwe, nikamwambia baba twende wote. Nilitegemea akatae. Akaenda kuvaa koti.

Mashine ilikuwa imejaa. Kuna benchi pembeni ya mlango, wanawake wakasogea wampishe. "Shikamoo mzee." "Marahaba, marahaba." Akaketi, mikono juu ya fimbo, vumbi jeupe likaanza kumtua mabegani. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa mwenye mashine, nikapaza sauti maana pale hamsikilizani.

"Kaka, kabla hujaweka ngano yangu naomba usafishe mashine kwanza. Sitaki unga wangu uchanganywe na wa watu."

Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka. Nikageuka kwa hasira, nikijua kuna mwanamke ananisema. Alikuwa baba. Alikuwa anacheka ameinama juu ya fimbo, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, na wanawake wa kwenye benchi wameanza kucheka naye bila kujua wanacheka nini. Tangu msiba sikuwa nimeisikia sauti ile. Nilisimama pale na ndoo yangu sijui nifanye nini.

"Mama yako huyo," alisema alipoweza kusema. "Mama yako kabisa."

Foleni ikasogea. Ikafika zamu ya mama mmoja wa makamo aliyekuwa na ndoo ya ulezi, tena si ulezi wa kawaida. Kilikuwa kimea, ulezi uliooteshwa mpaka ukapata utamu kisha ukaanikwa, wa kutengenezea togwa au pombe. Mwenzake aliyekuwa nyuma yake, mwenye mahindi meupe yaliyokobolewa, akavuta ndoo yake pembeni haraka. "Mimi simfuati huyu," akasema. "Unga wangu utakuwa mwekundu. Apite mwingine." Wa nyuma yake naye akatikisa kichwa. Na ndivyo ilivyo, mashine huwa haitapiki chote, mabaki ya aliyetangulia huingia kwa anayefuata, na hakuna anayetaka kusonga ugali wenye madoa ya mtu mwingine. Mwenye ulezi akabaki ametazama chini, kama vile ameleta ugonjwa.

Baba akasimama. "Sisi tutamfuata," alisema.

"Baba, huo ni ulezi."

"Najua."

"Tena ni kimea."

"Najua, mama. Lete ndoo."

Sauti ilikuwa ya mwalimu wa hesabu, na mkono wangu ukampa ndoo kabla akili haijakubali. Akasimama mwenyewe mbele ya mashine. Ulezi wa yule mama ulipokwisha akamwambia mwenye mashine asiguse kitu, amwage ngano hivyo hivyo. Unga ulianza kutoka umekolea wekundu, kisha ukapauka taratibu, ukawa rangi ya udongo. Baba alikinga kiganja chini ya ule mfuko wa kitambaa, akanusa, akalamba ncha ya kidole. Halafu akafunga macho, akakaa hivyo muda, watu wakisubiri, na hakuna aliyemharakisha.

Njiani, tulipofika kwenye jiwe pana kabla ya kona ya kwetu, baba aliomba apumzike. Nikaweka ndoo chini. Kutoka pale ziwa linaonekana lote.

"Sikuwahi kumwambia asafishe," alisema.

"Nani?"

"Mwenye mashine. Kule nyumbani. Hata siku moja."

Akanieleza kidogo kidogo, anasimama kupumua, nami nikamwacha. Alikuwa anaona aibu kukaa mashineni. Wanawake walikuwa wanamcheka, na watoto aliowachapa Ijumaa kwa kukosea hesabu walikuwa wamekaa pale Jumamosi na ndoo za mama zao, wanamkodolea macho. Alitaka kutoka haraka. Siku ya kwanza kabisa alikuwa mkiani mwa foleni, na mbele kulikuwa na bibi mmoja mwenye kimea chake cha pombe, ambaye hakuna aliyetaka kumfuata. Baba akapiga hesabu zake. Ngano yake ni ya rangi ya udongo tangu mwanzo, nani ataona? Akasema atamfuata yeye. Wanawake wakamshukuru mwalimu kwa roho nzuri, wakampitisha mbele, akasaga, akapanda baiskeli, akafika nyumbani mapema kuliko mtu yeyote aliyetoka mashineni siku ile.

"Jioni mama yako akaoka. Akala, akaniambia ngano ya safari hii ni nzuri, imeumuka vizuri, nikienda Mwanza nikainunue kwa mtu yule yule."

"Ukamwambia nini?"

"Nikasema sawa." Akatabasamu peke yake. "Jumamosi iliyofuata sikuwa na haja ya kuwahi tena. Nilikwenda kumtafuta yule bibi. Akichelewa kuja, namsubiri. Wanawake walikuwa wananiambia mwalimu, tangulia, nakataa, namsubiri bibi wa kimea. Walidhani nina akili pungufu. Alipofariki, binti yake akaendelea na kazi, nami nikahamia kwa binti."

Nilikaa kwenye jiwe. Nikaviona vile vidoa vyekunduvyekundu, pumba zenyewe, afya yenyewe. Mama yangu alikuwa kiongozi wa akina mama waliokuwa wanazunguka nyumba kwa nyumba kuhubiri watu waache pombe, na kumbe kila Jumamosi kimea cha pombe kilikuwa kinaumuka chini ya kitambaa chake, kinakwenda mpaka mezani kwa masista, mpaka kwa padri. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikiwa katikati ya kucheka kikanipata kilio, kilio kile cha msiba ambacho sikukimaliza Nansio kwa sababu nilikuwa na kazi ya kuhesabu sahani za wageni. Baba akaniwekea mkono kichwani, akaniacha nilie.

"Ungemwambia," nilisema baadaye.

"Nilitaka. Lakini hukuwahi kuuangalia vizuri uso wake watu wakiusifia ule mkate. Mtoto wa watu, amevuka ziwa kuja kisiwani kwetu, hana ndugu, lugha yetu anaikosea, wanamcheka. Halafu mkate ukampa jina." Akafuta vumbi kwenye koti. "Nikasema nitamwambia tukizeeka, tutacheka. Tukazeeka, nikaona bado. Nikawa nasema bado, bado, mpaka na yeye akaondoka."

Meli ya Nansio ilikuwa inatoka, ndogo, nyeupe, inaacha mstari nyuma yake. Tuliitazama wote wawili.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Unaniona nahangaika na mchanga na majani ya mgomba wiki kwa wiki, unajua kilichopungua, umenyamaza."

"Ningekwambiaje?" alisema. "Ulikuwa unasema mkono wa mama. Nikikwambia ni kimea, nitakuwa nimemnyang'anya. Amekufa, hawezi kujitetea."

Nilinyanyua ndoo tukaenda nyumbani.

Niliukanda alasiri hiyo hiyo. Donge lilikuwa tofauti na mengine yote niliyokanda mwaka huu, laini zaidi, linanata kidogo viganjani, na lilipoumuka liliisukuma ile kanga niliyolifunika nayo. Nikatandika jani la mgomba. Nikaweka makaa juu ya bati. Baba alitoa kiti chake sebuleni, akakileta uani, akaketi karibu na jiko akinielekeza mahali pa kuongeza moto, na nilijikuta naimba sauti ya pili ya wimbo ambao hakuna aliyekuwa anaimba ya kwanza. Harufu ilipoanza kutoka, mume wangu alitokea mlangoni, akasimama, akasema, "Huu si ule," akarudi ndani kutafuta shati la nafasi.

Safari hii sikuukata jikoni. Nilitaka kuukata, kisu nilikuwa nacho mkononi, lakini baba alishaketi mezani na alikuwa amenyoosha mkono. Nikampa kisu na mkate mzima kwenye kibao, bado una joto. Akaugeuza kutafuta upande wa kuanzia kama alivyokuwa anafanya zamani. Akakata kichwa. Ndani kulikuwa na vidoa vyekunduvyekundu.

Akakichukua kwa vidole viwili, na mkono ukaenda wenyewe kushoto kwake, mahali ambapo mama alikuwa anakaa. Mezani kwangu mahali hapo pana chupa ya chai. Mkono ukasimama hewani juu ya chupa. Tuliuona, mimi na mume wangu. Kisha mkono ukazunguka meza taratibu, ukafika kwangu, ukakiweka kichwa cha mkate kwenye sahani yangu.

"Hiki ni cha aliyekanda," alisema.

Nilikitazama. Maisha yangu yote nilikuwa nimekitamani. Nikakivunja katikati, ganda likapasuka kwa kishindo kidogo, nikaweka nusu moja kwenye sahani yake.

"Na cha aliyesaga," nikamwambia.

Alitaka kukataa, akafungua mdomo, halafu akaufunga. Akakichukua. Na nilipomwona anavyokigeuza mbele ya macho, anatazama ganda lake na ndani yake, ndipo nilipotambua kwamba baba naye hakuwahi kukionja. Miaka yote ile alikuwa anakikata na kukitoa. Akauma. Akatafuna, si kwa adabu, kwa njaa, makombo yanaanguka kwenye koti ambalo alikuwa bado hajalivua, machozi yanamshuka na hayafuti.

"Kumbe alikuwa anakula hiki," alisema.

Akala chote. Kisha akasukuma sahani mbele, kwangu, na kuniambia nimkatie kipande kingine.